Ukoo Usiokula Kambale

Mwanjelwa: sufuria ambalo halikuguswa

Wengi wenu mmekuwa mkipita dukani kwangu kununua mbegu, mnaishia kuniuliza, "Baba Tuse, kule Iringa kulikuwaje?" Nimesimulia mpaka mke wangu huinuka na kwenda jikoni kila ninapoanza. Wengine mmesikia nusu, nusu iliyobaki mkaitunga wenyewe. Kuna mtu wa mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya, anasema nililishwa nyoka. Basi naandika, ili anayetaka kujua asome na anayetaka mbegu anunue.

Yote yalianzia mezani. Binti yangu Tusekile alipata mchumba anayeitwa Festo, kijana wa Iringa anayeendesha lori la mbao Mafinga. Ni kijana mpole, anasalimia hadi paka. Wazee wake wakaja kujitambulisha, wakiongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Yohana, mtu mrefu asiyecheka bila sababu. Mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwao mgeni akiondoka mezani anatembea vizuri, maana yake hakulishwa. Mdogo wake, shemeji yangu Subilaga, alisimamia jiko. Kulikuwa na ndizi, wali wa Kyela, kuku na maharage, na katikati ya meza, kwa heshima ya wageni, sufuria kubwa la kambale wa Usangu waliokaushwa kwa moshi wakapikwa kwa karanga.

Mimi kambale sili. Baba yangu hakula. Aliondoka Iringa akiwa kijana kuja kufanya kazi ya reli, na alipotuambia habari za asili yetu hakuzidisha maneno: "Kwetu hatuli kambale." Basi, hiyo ndiyo historia niliyorithi. Na watoto wangu hawali. Mke wangu akimtamani huenda kumla kwa dada yake, na ndoa yetu imedumu kwa utaratibu huo.

Sufuria likaanza kuzunguka. Upande wa wageni likapita kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akafunua, akachungulia, akafunika. Upande wangu likapita hivyo hivyo. Likaenda kutua mbele ya mashemeji zangu wa Tukuyu, ambao walimshukuru Mungu kwa sauti.

Mzee Yohana alikuwa ananitazama. "Baba, mbona wewe samaki hujachukua?"

"Sisi hii hatulagi," nikamjibu. "Ni mwiko wa kwetu."

Akaweka kijiko chini. "Na sisi."

Kwa wasiojua mambo ya Uhehe, nieleze. Jina la mtu linaweza kubadilika. Ataitwa hili shuleni, lile kazini. Mwiko haubadiliki. Kila ukoo una kitu chake usichokula, na unaupata kwa baba yako kama unavyopata pua yake. Wawili wenye mwiko mmoja kutoka bonde moja ni ndugu mpaka ithibitike vingine, na ndugu hawaoani. Mzee Yohana akaniuliza baba yangu alitoka kijiji gani. Nikamtajia. Kikawa ni kijiji kinachotazamana na chao, mto Ruaha Mdogo umepita katikati.

Akanawa mikono, na chakula chake kilikuwa hakijafika nusu. "Basi hatukuja kuposa," akasema. "Tumekuja kusalimia ndugu."

Tusekile alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Aliliweka chini taratibu, akaingia chumbani. Kesho yake alikuja dukani, akakaa juu ya gunia la mahindi ya mbegu.

"Baba, kama ni ndugu yangu niambie, nitalia, yataisha. Kama siyo ndugu, nenda ukalete ushahidi. Ila usinikalishe katikati."

Mimi nauza mbegu. Mkulima wa Mbalizi haulizi bei kabla hajauliza mbegu imetoka wapi, na huwa namjibu bila kupepesa macho. Mtoto wangu aliponiuliza la kwake nilikwepa macho yake. Niliona aibu, nikafunga duka.

Uyole hadi Chimala: kabla ya Shinyanga

Kwa nini nisipige simu? Kwa sababu mtu pekee aliyebaki wa kizazi cha baba yangu ni dada yake, Shangazi Agripina, anayeishi kile kile kijiji cha baba, naye hasemi mambo ya ukoo kwenye simu. Nilijaribu. Akaniambia, "Njoo na uso wako," akakata.

Basi lilisema kwa honi kwamba linaondoka. Lilisema hivyo tulipopanda, likasema tena baada ya dereva kunywa chai, na tukiwa Uyole lilisema kwa sauti kubwa zaidi huku likirudi nyuma kumfuata abiria mwenye magodoro. Jirani yangu alikuwa mfugaji wa Kisukuma kutoka Usangu, Mzee Masanja, mwenye koti zito na fimbo ambayo kondakta alijaribu mara kadhaa kuiweka chini ya gari bila mafanikio. Alikuwa anakwenda Iringa kumwona mwanawe anayesoma huko.

"Wewe unaendea kazi?" akaniuliza.

"Naenda kuuliza asili ya babu yangu."

Alilitafakari jambo hilo mpaka Inyala. "Kapotea?"

"Nani?"

"Babu."

"Hapana. Alikufa zamani."

"Sasa tatizo lake nini?"

Nikamweleza yote, sufuria na binti. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa mahali panapostahili. Nami nikataka kujua kwao wanasimulia nini juu ya chimbuko lao. Nikamuuliza walitoka wapi.

"Tulitoka Shinyanga na ng'ombe."

"Na kabla ya Shinyanga?"

"Kabla ya Shinyanga ng'ombe walikuwa wachache." Akageukia dirisha. Kwake yeye historia ilikuwa imekamilika, na nilimwonea wivu.

Chimala wauzaji walizunguka basi na mchele, vitunguu na kambale wakavu waliokunjwa mkia mdomoni. Mzee Masanja akanunua fungu zima kwa ajili ya mwanawe, akaliweka juu ya kichwa changu, pale kwenye mizigo. Kuanzia hapo nilisafiri chini ya mwiko wangu. Kila basi liliporuka tuta, vumbi la kambale lilinishukia mabegani.

Nyololo: kila mtu ametoka Misri

Nyololo basi lilikata mkanda wa feni. Dereva akatuambia fundi yuko njiani. Hakusema ni njia ipi.

Kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Mufindi inayopenya koti na kukusalimia mgongoni. Tukaingia kwa mama lishe mmoja mwenye banda la mbao. Chakula kilikuwa ugali na kambale. Nikaomba ugali na chochote kingine. Akasema kingine hakuna. Nikasema basi nipe ugali mtupu na chumvi. Akanitazama kuanzia viatu.

"Samaki wangu ana nini?"

"Hana kitu, mama. Mimi tu sili."

"Nimemwosha kwa maji ya moto. Watu wa Dar wanakula hapa wanaomba waongezewe."

"Si uchafu. Ni mwiko."

Hapo sura yake ikabadilika kabisa, akavuta kigoda. "Kumbe! Ungesema. Wewe ni wa kule kwa akina Yohana, ng'ambo ya Ruaha Mdogo. Wale ndio hawagusi kambale. Dada yangu ameolewa huko. Karibu, ndugu!" Akanikaangia mayai mawili.

Ndiyo mayai machungu kuliko yote niliyowahi kula. Hata mama lishe wa Nyololo, asiyenijua kwa jina, alijua mimi ni ndugu wa Festo. Nilimfikiria Tusekile juu ya lile gunia.

Mwalimu mstaafu aliyekuwa meza ya pili alijitolea kunisaidia. Akaeleza kwamba swali langu ni jepesi, kwa kuwa watu wote wa nyanda hizi wametoka Misri. Wahehe walipitia Uhabeshi, Wabena walichelewa kidogo njiani, na Wanyakyusa walizunguka ziwa. Aliichora njia yote mezani kwa kidole chenye mchuzi.

"Na Wasukuma?" Mzee Masanja akauliza.

"Misri pia."

"Na ng'ombe?"

"Misri."

Mzee Masanja akatafuna, akameza. "Misri walibaki na nani?"

Mwalimu alisema hilo linahitaji utafiti. Mimi nilikuwa nafanya hesabu nyingine: kama sote tumetoka Misri, basi hakuna Mtanzania anayeweza kuoa, na Festo hana kosa la peke yake. Faraja hiyo ilinifikisha mpaka fundi alipotokea, ametoka upande ambao hakuna aliyekuwa anautazama.

Isimila: mashoka na mifupa

Festo alikuwa ameniambia nishuke Isimila, bodaboda atakuja kunichukua. Nilipokuwa nashuka, Mzee Masanja alinyanyuka, akachomoa kambale mmoja kwenye fungu lake, akamfunga kwenye gazeti na kunipa kwa mikono miwili.

"Huyu wa kwako. Huli, najua. Mpe atakayekula."

Zawadi ya mikono miwili haikataliwi. Nikamtia kwenye begi, kati ya shati la Jumapili na taulo. Basi likaondoka, na fimbo ya Mzee Masanja ikanipungia dirishani.

Bodaboda hakuwepo. Dada mmoja anayetembeza wageni akaniambia kwa kuwa nasubiri, nisubiri nikiwa najifunza. Akanishusha korongoni, kwenye nguzo za udongo zilizosimama kama vichuguu vya mchwa aliyekosa kiasi. Akanionyesha mawe yaliyochongwa, mashoka ya watu wa kale sana, yametapakaa chini kama viatu mlangoni pa msiba.

"Hawa walikuwa nani?"

"Watu wa kale."

"Kabila gani?"

"Kabila lilikuwa bado, mzee."

"Wakaenda wapi?"

"Haijulikani. Walikuwa wanachinja hapa viboko, kulikuwa na ziwa. Mifupa ilionekana."

"Kambale je? Walikula?"

Alifikiri kama mtu ambaye swali hilo hajawahi kuulizwa. "Hilo ushahidi wake hatuna."

Nilishika shoka moja. Lilikuwa zito na lilikaa kiganjani vizuri, aliyelichonga alikuwa na mkono kama wangu. Nilisikia huruma. Mtu amekaa hapa, amezaa, amewakataza watoto wake hiki na kile kwa sababu zake nzuri, na kilichobaki ni jiwe na swali la muuza mbegu. Nikalirudisha mahali pake. Bodaboda akafika na kusema alikuwepo tangu asubuhi.

Ng'ambo ya Ruaha Mdogo: mwindaji na mbwa wake

Shangazi Agripina ana nyumba ya tofali za kuchoma, picha ya Bikira Maria, na mdomo ambao ulimshinda baba yangu. Nilimkuta anapukuchua maharage barazani.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kihehe changu cha kuokoteza.

"Kamwene. Umenenepa. Na unanuka samaki."

Nikamweleza habari ya Mzee Masanja. Akaamuru begi langu lilale bandani kwa kuku. Kisha akasonga ugali, akaweka mboga ya maboga, na tukala sahani moja, mkono wake na mkono wangu. Akaniambia huko ndiko kuwa ndugu: mtu wa mwiko mwingine huli naye sahani moja, humjui kesho atagusa nini. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Baba yangu alikufa, na hapa palikuwa na mtu mwenye vidole vyake.

Nikamuuliza tulitoka wapi. Akanisimulia bila kusitasita. Zamani, mwaka ambao mvua ilikataa, mwindaji mmoja alitokea mawio ya jua na mkuki na mbwa. Mito yote ilikuwa imekauka. Alipokuwa karibu kufa kwa kiu, mbwa akaanza kufukua mchanga wa mto, akafukua mpaka akamtoa kambale, mzima, anahema kwenye tope. Mwindaji akasema, alipo huyu maji hayako mbali. Akachimba, yakatoka. Watu wa bonde wakaja na vibuyu, akawagawia, wakamfanya mkubwa wao. Naye akaapa: aliyenionyesha maji simli, wala mwanangu, wala mwana wa mwanangu.

Ilikuwa hadithi nzuri. Sikuuliza mbwa yule aliishia wapi; watani zetu wana vichekesho vyao kwamba Wahehe hula mbwa, na mimi nilikuwa mgeni.

Asubuhi nikavuka daraja kwenda kwa Mzee Yohana. Alinikaribisha kwa heshima zote za ndugu, jambo lililoniumiza, akanipa togwa na kiti chenye mto. Nikamuuliza kuhusu asili ya ukoo wao. Akakohoa kidogo, akaanza: zamani, mwaka ambao mvua ilikataa, mwindaji mmoja alitokea mawio ya jua. Nilijua kinachokuja. Alipofika kwa mbwa, mimi nilikuwa nimeshafika kwenye vibuyu. Hata kiapo kilikuwa kile kile, neno kwa neno.

"Unaona, ndugu yangu," akasema Mzee Yohana. Hakufurahi. Alimpenda Tusekile, alishaanza kumsifia kanisani. "Mimi nisingependa iwe hivi. Lakini damu ni damu."

Nilirudi kwa shangazi. Nikamwambia nafunga begi, kesho naenda kumwambia mtoto ukweli, kwamba ni ndugu.

Shangazi akaendelea kupukuchua. Maganda yakaanguka, maharage yakaanguka. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, "Hadithi ni yao. Sisi tuliikuta."

Nikakaa chini.

Babu yangu, kumbe, hakuwa Mhehe. Alikuwa Mkinga, mfua majembe, aliyeteremka kutoka milimani kwao akiwa na njaa na kidonda mguuni. Alifika nyumba ya babu yake Mzee Yohana jua likichwea. Wakamnawisha. Kabla hajapewa chakula akauliza swali ambalo mgeni mwenye adabu huuliza: "Hapa kwenu nini hakiliwi?" Wakamwambia kambale. Akasema, basi na mimi sili. Alikusudia wiki moja, mpaka kidonda kipone. Kidonda kilipopona wakamwomba awafulie majembe. Majembe yalipokwisha msimu wa kulima ukafika. Wakampa shamba ng'ambo ya mto, akaoa, akazaa, na kwa kuwa hakupenda kuwaambia watoto kwamba wao ni wageni, akawaambia neno moja: kwetu hatuli kambale.

"Kwa hiyo sisi ni wageni waliosahau kuondoka," nikasema.

"Wewe ndiye mgeni. Mimi nimezaliwa hapa." Mikono yake ilisimama. "Wanajua wazee wawili watatu, na hawasemi. Mimi naitwa kwa jina la heshima la ukoo wao. Baba na mama wamezikwa kwenye makaburi yao, na nafasi yangu ipo pale, pembeni ya mama. Nikilisema hili hadharani, mimi ni nani? Nani atanizika?"

Sikuweza kumwomba. Nilijaribu kufungua mdomo nikaona uso wa mwanangu, nikatazama uso wa shangazi, nikaufunga. Yeye ndiye aliyesimama, akakung'uta maganda kwenye kanga. "Mtoto hawezi kukosa ndoa kwa sababu ya kaburi langu," akasema. "Vaa viatu."

Chungu cha Mama Editha

Mzee Yohana alimsikiliza mpaka mwisho. Wazee wengine wawili wa ukoo waliitwa, wakasikiliza nao. Mmoja akakiri kwamba jembe la yule Mkinga alilishika kwa mikono yake utotoni.

Nilidhani tumemaliza. Mzee Yohana akatikisa kichwa.

"Agripina, hakuna aliyesahau. Lakini mtu akishika mwiko wetu, na mwanawe, na mjukuu wake, huyo ni wetu. Tulimpa moto, tukampa shamba, tukazika watu wake. Sasa kwa sababu ya harusi tuseme tulikuwa tunatania? Maneno hayamtoi mtu kwenye ukoo."

"Kinamtoa nini?" nikauliza.

Wakatazamana. Yule mzee wa jembe akasema, "Ale."

Mnisamehe, mimi ni mtu wa mbegu na dawa za wadudu, mambo ya kisasa, lakini niliogopa. Wanasema mwenye damu ya mwindaji akila kambale, ngozi humtoka mabaka na meno hulegea. Nimekaa duniani miaka mingi na meno yangu yote, nimeyazoea. Na zaidi ya meno: kula kulimaanisha kusema mbele ya watu kwamba mimi si wao. Siku moja tu nilikuwa nimekula sahani moja na shangazi.

"Samaki atatoka wapi?" Mzee Yohana akauliza. "Hapa hatumuweki."

Nikakohoa. "Ninaye kwenye begi."

Wote wakanigeukia. Mtu aliyekuja kutafuta ndugu wasiokula kambale, kaja na kambale wake. Niliwaeleza habari za Mzee Masanja, lakini naona hata leo hawajaamini kwamba sikupanga.

Hakuna mwanamke wa ukoo ambaye angempika. Tukavuka daraja wote kurudi kwa shangazi, akaitwa jirani yake, Mama Editha, Mbena, ambaye alichekelea kupita kiasi. Alipika nyuma ya banda la kuku kwa chungu kikuukuu ambacho kingevunjwa baadaye. Nikakalishwa kwenye gogo karibu na banda hilo, wazee kwenye viti mbali kidogo, upande ambao upepo hauendi.

"Kamwene, bwana harusi," akasema Mama Editha, akanipakulia.

Shangazi alikuwa amesimama. "Yeye ale," akawaambia wazee. "Amekuja kwa ajili ya mtoto wake. Mimi sili. Sijala tangu kuzaliwa, na sitakula. Niandikeni mnavyotaka."

Nikala. Mnaniuliza dukani ladha yake ilikuwaje. Ilikuwa ladha ya tope na moshi, na ina miiba. Nilikula mpaka mkia huku machozi yananitoka, na Mama Editha akaona ni pilipili, akaniletea maji.

Wakasema tusubiri mpaka kesho, ngozi iseme. Kesho yake niliamka nawashwa. Mkono wa kushoto ulikuwa na vipele vyekundu kutoka kiwiko hadi bega. Nilivaa shati la mikono mirefu nikanyoosha uso, lakini Mzee Yohana si mjinga.

"Kunja shati."

Nikakunja. Wazee wakainama. Yule mzee wa jembe akavaa miwani. Wakanifungua mdomo, wakatikisa meno ya mbele, yakagoma kutikisika. Mjadala ukaanza: haya ni mabaka au ni vipele? Mmoja akasema mabaka huanzia tumboni. Mwingine akasema huanzia popote. Nilisimama katikati kama ng'ombe wa mnadani, ndoa ya mwanangu ikiwa imelala juu ya mkono wangu.

Mama Editha alikuwa anapita na ndoo. Akasimama, akatazama, akaweka ndoo chini, akapandisha mkono wa gauni lake. Vipele vile vile, kiwiko hadi bega. "Viroboto wa kuku," akasema. "Wale wa banda la Agripina wana hasira sana."

Wazee wakarudi kwenye viti. Mzee Yohana akasimama, akanipa mkono.

"Haya, mkwe," akasema.

Neno hilo ndilo nililolifuata kutoka Mbeya. Nilipolisikia nilifurahi, na papo hapo nikahisi kama mlango umefungwa nyuma yangu. Mama Editha akakivunja chungu kwenye jiwe.

Mchana huo shangazi alinipakulia chakula kwenye sahani ya peke yangu. Akakaa upande wa pili wa baraza na sahani yake, tukala tukitazamana.

Kurudi Mbeya, na harusi

Njia ya kurudi haikuwa na la kusimulia. Basi liliondoka liliposema linaondoka, jambo lililonitia wasiwasi mpaka Makambako. Nilipomwambia Tusekile alinikumbatia mbele ya wateja, na tukauza vibaya siku nzima.

Harusi mliiona wenyewe. Ambacho hamkukiona, kwa kuwa mlikuwa mnacheza, ni hiki. Basi la wageni kutoka Iringa lilipofika ukumbini, nilisimama mlangoni kumpokea shangazi. Nilikuwa nimemwekea kiti mbele, upande wetu, jina lake limeandikwa. Alishuka wa mwisho, kanga mpya, akiwa ameshika mkono wa Mzee Yohana. Akanisalimia vizuri sana, kama mkwe anavyosalimiwa. Kisha akapita, akaenda kukaa upande wao. Mzee Yohana alikuwa amemtengea kiti kati ya wanawake wa ukoo, nao wakasogea kumpisha bila hata kugeuka, kama mtu anayerudi mahali pake.

Nikajua kaburi lake lipo. Nilishukuru, na niliumia, yote kwa pamoja. Kwenye kile kiti cha mbele, Subilaga aliweka pochi yake.

Wakati wa chakula shemeji yangu huyo huyo aliniletea sahani iliyojaa kambale. "Shemeji, sasa kisingizio huna," akasema, na Tukuyu nzima ikapiga vigelegele. Nilikula. Mke wangu alikaa karibu yangu, tukala sahani moja kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu.

Halafu wanawake wa upande wa bwana harusi waliinuka kumpokea bibi harusi, na aliyetangulizwa mbele ni shangazi. Alimfunika Tusekile kanga mabegani, akamshika mashavu kwa vile vidole vya baba yangu. Muziki ulikuwa umepunguzwa, nikasikia.

"Karibu nyumbani," akamwambia. "Wewe na watoto utakaozaa, mjue jambo moja. Kwetu hatuli kambale."

"Najua, bibi," Tusekile akajibu. "Nimelelewa hivyo hivyo."